Makofi Yale Hayakuwa Ndiyo

Nyinyi vijana mnaoingia sasa Idara ya Miliki ya chuo chetu kikuu, nimewaona. Mnarusha kile kidude chenu kinachovuma kama nyigu juu ya bonde, mnasimama kivulini na simu mkononi, na kabla chai haijapoa mmeshapata ramani ya kilima kizima. Ningesema siwaonei wivu, lakini mama yangu alinikataza uongo. Sisi kilima hiki tulikipima kwa kamba, kwa fito na kwa magoti yetu, na mvua ikituharibia alama tulirudi kuanza upya.

Juzi pale kantini mmoja wenu, simtaji jina, yule mwenye kofia nyekundu, akaniuliza, "Mzee Bakari, zamani bila droni mlikuwa mnajuaje mpaka wa chuo unaishia wapi?" Nikamjibu, "Tulikuwa tunauliza." Mkacheka wote, mkidhani natania. Sikuwa natania, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Nisipowaambia mimi, mtapima ardhi ya watu kutoka angani, na kutoka angani unaona bati na migomba tu. Aliyepanda ile migomba humwoni.

Mimi kwetu Muheza. Serikali ilinileta huku nikiwa kijana mwenye nywele nyingi kichwani, mkufunzi wa ujenzi katika chuo kidogo cha ufundi na kilimo, juu ya kilima, kando ya barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Kilikuwa chuo cha cheti. Madarasa machache, karakana moja, na bweni ambalo bati zake zilipiga kelele upepo ukivuma, hadi wanachuo wakazibandika jina la Kwaya. Leo kuna maktaba ya ghorofa, kuna maabara, kuna wahadhiri wanaotembea na kompyuta kwapani, na watoto wa Murungu na Kasanda wanapata shahada bila kupanda basi la Dodoma. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nami nimo katika walioviunda, na sitajifanya mnyenyekevu hapa. Nilianza mkufunzi, nikastaafu mkuu wa Miliki, na karibu kila ukuta wa zamani mnaouegemea mkipiga picha za mahafali nimeugusa kwa mkono wangu.

Lakini nilianza kwa ujinga, tena ujinga wenye furaha.

Wiki yangu ya kwanza nilipelekwa kutambulishwa kwa majirani wa chuo. Aliyenipeleka alikuwa Mwalimu Bihemo, mkufunzi wa kilimo, Muha wa Murungu, mtu mfupi mwenye sauti ya chini ambaye sikupata kumwona ana haraka hata siku moja. Tulipofika akanitaja jina, na watu wote wakainama kidogo, wakapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa vikitoa sauti nzito. Jamani, mtoto wa Muheza nikadhani nashangiliwa! Nikainua mikono yote miwili nikapunga kama mgombea ubunge. Bihemo akanivuta shati kwa nyuma.

"Shusha mikono," akaninong'oneza. "Wanakusalimu."

Hapo ningejifunza, lakini kichwa cha ujana ni kigumu. Baada ya muda mfupi tukafyatua matofali ya kujengea karakana ya pili, tukayaanika uwanjani, na njia ya mbuzi wa kijiji ilikuwa inapita palepale. Nikawaita majirani. Nikatoa hotuba nzuri sana kuhusu tofali bichi na kwato za mbuzi, nikaomba mifugo ipitishwe njia ya chini. Makofi. Nikaenda zangu kulala na roho nyeupe. Asubuhi nakuta kila tofali limepigwa mhuri wa mbuzi. Mengine tuliyachoma hivyohivyo kwa sababu hatukuwa na muda, na ukienda nyuma ya karakana ya zamani utaziona kwato ukutani mpaka leo.

Nikamwendea Bihemo nimewaka. Nikamwambia watu wenu ni waongo, wanakubali mbele yako wakigeuka wanafanya yao.

"Ulimsikia mtu akisema ego?" akaniuliza. Ego ndiyo "ndiyo" ya Kiha.

"Hawakusema kitu. Walipiga makofi."

"Basi hawajakujibu, Mwarimu. Makofi ni salamu, na ni asante ya kuja kwako. Kwetu mikono inatangulia, mdomo unabaki nyuma unafikiri. Mgeni akileta jambo zito hajibiwi siku ileile. Ukimjibu palepale ni kama unamfukuza."

"Sasa jibu langu nitalipata lini?"

"Rudi ukakae. Wakikupa pombe ya ndizi sema wewe ni Mwislamu, watakuletea uji. Kunywa. Usiulize habari ya mbuzi. Wataisema wenyewe."

Nilirudi. Nilikunywa uji mpaka tumbo likawa ngoma. Safari ya pili mzee mmoja, bila kuulizwa, akasema njia ya chini ina shimo la matope, mbuzi wenye mimba wanateleza, na kama chuo kingelifukia lile shimo yeye haoni sababu ya mbuzi kupita juu. Tulilifukia siku iliyofuata. Mbuzi hawakurudi tena, na mimi nikaanza kuitwa mtu mwenye adabu.

Najua baadhi yenu mnasoma mkirukaruka, mnatafuta ya kazi. Haya, ya kazi haya hapa. Udongo wa kichuguu hutoa tofali zuri kuliko udongo wowote wa kilima hiki, lakini usiweke msingi juu ya kichuguu hata kama kimesawazishwa, hata kama mkandarasi anakuapia. Tanuru liwashwe baada ya mvua za masika kukoma kabisa, si zikipumzika. Bati lisielekee upepo wa kutoka bondeni. Na bomba la maji lizikwe chini kuliko mnavyofikiri, maana huku jembe la mama mwenye shamba la maharage linashuka sana.

Hilo la kichuguu nililipa kwa aibu. Nilijenga nyumba ya mkuu wa chuo, wa wakati ule, mahali palipokuwa na kichuguu kikubwa. Nilikichimba, nikakishindilia, nikajisifu. Mchwa hawakuwa na habari kwamba nina diploma. Wakapanda ndani ya miimo ya milango, wakala mbao yote wakabakiza rangi. Siku moja mgeni kutoka wilayani akaja kubisha hodi. Akagonga mara moja tu, mlango ukaenda wote ndani pamoja na fremu yake, ukalala sakafuni mbele ya mkuu wa chuo aliyekuwa anakula ugali. Mkuu akamwambia, "Karibu, ila usiguse ukuta." Nilichekwa kuanzia Kasulu hadi Kibondo.

Na kile kibao cha getini mnachopigia picha si cha kwanza. Tulipotangazwa chuo kikuu tulifurahi mno hata fundi rangi hakupima herufi. Akaanza kwa maherufi mapana, ubao ukamwishia kabla ya U ya mwisho. Kwa hiyo asubuhi ya sherehe abiria wa mabasi walisoma CHUO KIKU, na makondakta wa barabara ile, mnawajua, wakaanza kuita kituo chetu Chuo Kuku. "Chuo Kuku washuke!" Wahadhiri wengine walinuna. Mimi nilipenda. Mtoto akizaliwa mzima, hata jina la utani ni baraka.

Ila ilibaki kidogo mtoto yule asizaliwe. Nirudi nyuma kidogo niwaeleze.

Chuo kilikuwa kimepanda kutoka cheti hadi stashahada. Wakufunzi wenzangu walikuwa wametawanyika kusoma shahada za juu ili wakirudi waitwe wahadhiri. Mkuu wetu alikuwa Dakta Perpetua, mwanamke wa Bukoba, mkali, mwenye kucheka kwa nadra lakini akicheka anacheka kweli. Kila kilichotakiwa ili tuwe chuo kikuu cha umma alikuwa amekitafuta na kukipata, isipokuwa kimoja. Ardhi haikutosha. Wataalamu wa serikali walisema wazi: bila eneo la bonde lile la mashariki, mtabaki chuo cha stashahada. Na bonde lile lilikuwa mashamba ya watu. Baadhi yao Waha wenyeji, na baadhi familia zilizotoka Burundi miaka mingi, sasa ni Watanzania wenzetu kwa karatasi na kwa jasho.

Msafara wa wataalamu ukaja kuwauliza wananchi kama wako tayari kuhama bonde na kulipwa fidia. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Mkuu wa msafara, bwana mrefu wa suti ya kijivu, alizungumza vizuri, siwezi kumsema vibaya. Alieleza umeme utafika, zahanati itajengwa, maharage yao yatapata soko, watoto wao watasoma karibu na nyumbani. Akamalizia, "Ndugu wananchi, mnakipokea chuo kikuu?"

Watu wakainama kidogo. Wakapiga makofi, taratibu, viganja vimekunjwa.

"Andika," bwana yule akamwambia katibu wake, "wananchi wameridhia kwa makofi." Akafunga faili. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilikitaka chuo kikuu kile kuliko mtu yeyote uwanjani pale. Nilitamani makofi yale yawe ndiyo. Nilijiambia labda safari hii, mbele ya wakubwa, makofi yamebadilika maana.

Watu wakaanza kutawanyika. Mama mmoja akanifuata, Mama Goreti, mjane, jirani yetu wa karibu kuliko wote upande ule. Shamba lake lilianzia kwenye chemchemi likapanda hadi nusu ya kilima, migomba juu, maharage na mihogo chini. Alikuwa mzaliwa wa Burundi, na Kiswahili chake kilikuwa na ile milio ya kwao.

"Mwarimu," akasema, "wale wageni watarudi rini, tuwape jibu?"

"Jibu gani, Mama?"

"Ra mashamba. Wametuuriza jambo kubwa. Tumewashukuru wamekuja. Sasa si watarudi?"

Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Mama." Nikakimbia kupanda kilima. Mtu mzima anakimbia, funguo za karakana zinalia kiunoni.

Wageni walikuwa wamekaa bwaloni kwa chakula, migebuka ya Kigoma imeshaletwa mezani. Nikamwita Dakta Perpetua nje.

"Mkuu, hawajakubali."

"Kina nani?"

"Wananchi. Yale makofi ni salamu. Jibu lao bado."

"Bakari, unajua tumeingojea siku hii tangu lini?"

"Najua, Mkuu."

"Na unajua hawa wakiondoka na neno 'bado', wataenda kukipeleka chuo kikuu mkoa mwingine?"

"Najua."

"Una hakika?"

"Nilikanyagiwa matofali na mbuzi kwa sababu ya makofi hayohayo."

Hakucheka. Akageuka akaangalia bonde, kisha akasema, kama anajisemea mwenyewe, "Tingatinga likija na yule mama amesimama mbele ya migomba yake, nitamwambia nini? Kwamba alipiga makofi?" Akajifunga vizuri kitenge chake cha mabega. "Twende ndani."

Akamweleza mkuu wa msafara kwa heshima zote. Bwana yule akaweka chini kipande cha samaki. "Dakta, nimesikia makofi kwa masikio yangu mwenyewe. Uwanja mzima."

Mungu ana mizaha yake. Wakati uleule mwenyekiti wa kijiji na wazee wakaingia bwaloni kumuaga mgeni. Walisimama mstari mmoja mbele ya meza, wakainama kidogo, wakapiga makofi. Taratibu, viganja vimekunjwa, vilevile kabisa kama kule uwanjani.

Nikashindwa kujizuia. Nikasema, "Na hawa, mheshimiwa, hapa wamekubali nini?"

Wazee wenyewe walishangaa kwa nini wanatazamwa. Halafu bwana wa suti ya kijivu akaanza kucheka, akacheka hadi akatoa miwani. Alikuwa muungwana. Akamwambia katibu akate ile sentensi. Lakini akasema pia, na hapo hakuwa anacheka, "Basi ardhi bado. Mimi nitaripoti nilichokiona. Jina lenu likikosekana safari hii, Dakta, msinilaumu."

Na lilikosekana. Vyuo vilivyopandishwa vikatangazwa redioni, tukakaa ofisini tumetega masikio hadi taarifa ya habari ikaisha ikaja michezo. Hatukutajwa.

Vijana, hapo ndipo nilipojifunza uchungu wa kazi. Wenzangu waliokuwa wamekwenda kusoma ili wawe wahadhiri walirudi wakakuta bado ni wakufunzi wa stashahada, na mtu wa kumlaumu alikuwa anajulikana. Waliniita Bwana Makofi. Nikiingia chumba cha walimu, mmoja anaanza kupiga makofi taratibu, wengine wanafuatia. Niliumia, sina sababu ya kuficha. Hawa walikuwa rafiki zangu, nyumba wanazolala nimewajengea mimi. Mke wangu aliniambia niombe uhamisho turudi Muheza. Nikamwambia nikiondoka sasa nitakuwa nimekimbia, na sijakosea. Nilikuwa na hakika, na hakika ile ndiyo iliyonisimamisha.

Nikaenda kwa Bihemo, aliyekuwa amestaafu kwao Murungu, nikamwomba anisindikize kwa watu wa bonde. Alinisindikiza siku moja tu. Siku ya pili alikataa. "Nikija nawe watanijibu mimi," akasema. "Chuo ni chenu. Nenda na miguu yako."

Nikaenda na miguu yangu. Nyumba kwa nyumba, wakati wa palizi sikwenda kwa sababu mtu mwenye jembe mkononi hana muda wa maneno, na nilipokwenda sikubeba kamba wala fito. Hili lisikilizeni vizuri: ukifika kwa mtu na kipimo mkononi, umeshaamua, na yeye anajua umeshaamua. Nilikwenda mikono mitupu. Nilikaa, nikanywa uji wa mtama, nikazungumzia mvua. Kila mmoja, kwa wakati wake, alinyanyuka akasema, "Haya, twende nikuonyeshe shamba." Hapo ndipo mtu anakuonyesha mpaka wake, na akishakuonyesha kwa mguu wake mwenyewe, ramani yako haitakuja kupingwa na mjukuu wake.

Wa mwisho kunionyesha alikuwa Mama Goreti. Alinizungusha shamba zima polepole, kila mgomba una habari zake. Tulipofika chemchemi akakaa juu ya jiwe.

"Nyinyi mnataka hapa," akasema.

"Tunataka, Mama. Sitakudanganya. Bila hapa hakuna chuo kikuu."

"Umenieleza vizuri. Mwarimu, mimi tumetoka Burundi usiku sijui kitu. Tukawekwa mahali, tukalima, wakasema ondokeni. Tukawekwa pengine, tukalima, wakasema ondokeni. Nimepanda migomba nyingi nchi hii, ndizi zimeliwa na wengine. Hii ya hapa," akagusa jani lililokuwa karibu, "ndiyo ya kwanza nimepanda nikala mwenyewe."

Nikapiga makofi, taratibu, kama nilivyofundishwa, nikaaga nikaenda zangu.

Nilikaa bila kurudi mpaka aliponiita yeye. Alikuwa amefikiri. Akasema hakatai, lakini ana neno. Hataki fidia kwanza. Anataka ardhi ng'ambo ya bonde, achague mwenyewe, na ipimwe yake kwanza, apewe karatasi yenye jina lake, ndipo chuo kipime lile lake la chemchemi. Na wasubiri maharage yakomae. Nikapeleka maneno hayo kwa Dakta Perpetua. Wapimaji wetu walilalamika kwamba ni kinyume, kazi haifanywi hivyo. Dakta akawauliza, "Imeandikwa wapi kwamba mkubwa hupimiwa kwanza?" Hawakuonyesha popote. Basi ikawa desturi yetu ya Miliki, na nyinyi mmeikuta bila kujua ilikotoka: kipimo cha jirani hutangulia.

Mama Goreti alikataa kiwanja cha kwanza, kilikuwa na mawe. Akakataa cha pili, kilikuwa mbali na maji. Nilitembea naye ng'ambo ile hadi viatu vyangu vikafunguka midomo. Cha tatu akachukua konzi ya udongo, akaunusa, akaumwaga, akasema, "Ego."

Wataalamu walirudi. Safari hii aliongoza mtu mwingine, kijana, na Dakta Perpetua alimweleza mapema: akishauliza, asiandike kitu, angoje. Kijana akauliza. Watu wakainama, wakapiga makofi. Kisha uwanja ukanyamaza. Kijana wa watu akaanza kutoa jasho, akanitazama, nikamwonyesha kwa mkono atulie. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jambo lenyewe walikuwa wameshalifikiri tangu safari ya kwanza, kwa hiyo mzee mmoja wa Kiha akasimama, akasema "Ego," akakaa. Akasimama mwingine. Wakafuatana namna hiyo, kila mwenye shamba kwa mdomo wake.

Isipokuwa Mzee Ntakije. Yeye alisimama akasema hapana, hahami, akakaa kwa raha zake. Hakuna aliyemlazimisha. Ndiyo maana barabara ya kwenda maktaba ina ile kona mnayoilaani mkiwa na magari. Mnazunguka migomba ya Mzee Ntakije. Naye anawauzia ndizi wanafunzi wa chuo kikuu mlangoni kwake na hana shida na mtu.

Tulipotangazwa, walewale walionipigia makofi ya kejeli walinibeba mabegani kuzunguka karakana. Niliwaacha wanibebe. Nilistahili.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko hiyo ni siku ya Mama Goreti kuhama. Maharage yalikuwa yamekomaa, ameyavuna, ameyapura. Tulimpelekea gari la chuo, vijana wangu wakapakia vyungu, magunia, kitanda, mawe yake ya jikoni aliyosema hayaachi, na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa majani mabichi. Dereva akamfungulia mlango wa mbele, kiti cha heshima. Akakataa. Akaweka jembe begani, akatangulia kwa miguu kushuka bonde, na gari likamfuata nyuma polepole kwa gia ya kwanza, nami nikitembea ubavuni mwake.

Jua lilikuwa kali na mteremko ule mnaujua. Tulipofika kwenye maji nikamwambia, "Mama, utachoka. Panda gari."

Akasimama, akavuta pumzi, akatazama ng'ambo kwenye shamba lake jipya.

"Mwarimu," akasema, "mimi nimehamishwa tangu sijajua kutembea. Leo ninahama."